Thelathini na Mbili kwa Wote

Mtu akiniandikia "Bei?" asubuhi asubuhi, bila habari za leo wala kutaja bei ya nini, damu inanichemka. Ninauza vitenge mtandaoni, huu mwaka wa sita. Nipo Gungu, nimepanga chumba cha mbele chenye rafu mbili na taa ya duara ya kupigia picha, na bado sijazoea. Wanakuita kama wanaita mbwa. Ukimjibu anakaa kimya siku tatu, halafu anarudi na "mwisho ngapi?" Ndiyo maana nimeweka jibu moja kwenye simu, nikibonyeza herufi B linajijaza lenyewe: Bei ni moja kwa wote, haipungui, asante. Watu wanasema nina majibu ya karaha. Ninayo, sikatai. Lakini jibu hilo lina historia yake, na lilianza kwa kumtoa mama yangu mkubwa sokoni.

Mama mkubwa ni dada yake mama. Ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, mama yangu alipomfuata mume Mpanda na huko hapakuwa na nafasi ya mtoto wa mwanaume mwingine. Alikuwa na kizimba soko la Ujiji tangu sijazaliwa. Aliuza vitenge vya waksi, vile vizito vya yadi sita kwa pisi, vilivyokuwa vinashushwa kwenye boti kutoka Kongo na vingine vikipitia Burundi. Kwenye kizimba chake chote hukuona karatasi ya bei. Kuandika bei juu ya nguo aliona ni kukosa adabu, kama kumwekea mgeni chakula mezani halafu ukamwambia ale matonge mangapi.

Alivyokuwa anapanga bei nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikiwa nimeshachelewa. Mteja akija, akashika kitambaa, mama mkubwa hakumwambia kitu kuhusu kitambaa. Alimkaribisha, akamwuliza za nyumbani, halafu akauliza swali lake: "Kitenge cha nini?" Yaani kinakwenda kufanya kazi gani. Ni arusi? Msiba? Kuna mzazi amejifungua? Kwaya? Wakati mtu anajieleza, yeye anatazama miguu yake, anatazama mikono, anasikiliza ametokea upande gani. Kisha ndipo anataja bei. Mke wa mwenye maboti aliambiwa elfu hamsini, wakavutana mpaka arobaini. Mama anayeanika dagaa, mikono imechanikachanika, aliambiwa thelathini, wakafika ishirini na tano. Pisi yenyewe ilikuwa imetufikia kwa ishirini na saba pamoja na nauli ya boti.

Akija mwanaume peke yake, ana haraka, hatazami watu usoni, anataka "kitu kizuri cha mama watoto", huyo hakumwonea huruma. Alimshika hapo hapo hamsini na tano, na senti haitoki. Akishaondoka mama mkubwa ananigeukia, anasema, "Huyu kuna jambo amelifanya nyumbani. Acha alipie." Tulicheka mpaka majirani wa vizimba vingine wakawa wanauliza kuna nini.

Na watu walijua. Hilo ndilo nataka lieleweke. Kila mtu Ujiji alijua kwamba bei ya kwanza ni ya kuanzia maongezi, ni kama kuvutiwa kiti. Mtu akilipa bei ya kwanza bila kusema neno, mama mkubwa alipata wasiwasi, akawa anazigeuza zile noti juani kuona kama ni za kweli.

Kulikuwa na mteja mmoja kutoka Kagunga, kule mpakani, mama wa makamo aliyekuwa anakuja na boti kuleta dagaa. Akishamaliza kuuza alipita kwetu, ananukia dagaa mpaka kwenye nywele, anakaa juu ya robota la vitenge anapumzika. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kiha, akifika ni "Mwakeye, mama," salamu ya asubuhi, hata iwe saa tisa mchana. Hakununua kitu zaidi ya mara moja kwa mwaka. Alikuwa na binti mmoja, na alipenda kitenge kimoja, cha bluu nzito chenye kuku na vifaranga vyake, ambacho mama wa bibi arusi huku kwetu hukipenda sana. Kila akija alikishika pindo, anakirudisha.

Siku moja mama mkubwa akamwambia, "Binti yako akiolewa, cha kwako kipo. Utanipa ishirini na tano, na hata nauli ipande sitakuongezea."

"Usije ukasahau," yule mama akasema.

"Mimi nisahau? Labda usahau wewe kumwozesha."

Wakacheka, wakapeana mikono. Hapakuwa na karatasi wala shahidi zaidi yangu, na mimi nilikuwa nimeinamia simu.

Simu hiyo ndiyo ikawa mwanzo wa mambo. Nilikuwa nimemaliza chuo, cheti ninacho, kazi sina. Nikafungua ukurasa, nikaanza kupiga picha vitenge vya mama mkubwa na kuvirusha mtandaoni. Mwanzoni niliandika kama walivyoandika wote: "Mzigo mpya, waksi orijino, bei njoo inboksi." Nikamweleza mama mkubwa maana yake. Mtu anaona nguo, akiipenda ananiandikia pembeni, tunaongea wawili, ndipo namtajia bei.

Akafurahi kweli kweli. "Hapo sawa," akasema. "Kwanza umjue mtu."

Kwa hiyo nikawa nafanya kama yeye. Mtu akiniandikia namwuliza yuko wapi, nguo ni ya shughuli gani, nampimia. Wa Dar anayesema ni ya sherehe ya kampuni nampa arobaini. Mwanafunzi wa chuo Dodoma nampa ishirini na tisa. Nilijiona nimeupata ufundi. Kumbe watu wa mtandaoni hawataki kuulizwa. Walianza kunitolea uvivu pale pale chini ya picha, mbele ya kila mtu. Mmoja aliandika, "Mnaficha bei mnauza bangi?" Mwingine, "Inboksi mnaangalia picha ya mtu, mkiona ana gari mnapandisha." Wawili waliokuwa wanafahamiana wakalinganisha bei nilizowapa, wakaziweka hadharani. Nilishinda nafuta maoni kutwa nzima, na kila nikifuta moja yanakuja matatu.

Na hapa Gungu palikuwa na dada mmoja, mwenye duka la vitenge na ukurasa mzuri kuliko wangu, ambaye aliona nafasi. Akaandika kwa herufi kubwa: Bei zetu ziko wazi, hatuangalii sura. Wateja wangu wakahamia kwake kama maji kwenye mtaro. Nilimchukia yule dada, na ninamchukia mpaka leo, ingawa tukikutana Mwanga sokoni tunabusiana mashavu.

Ndipo nikamwendea mama mkubwa tuamue bei. Nakumbuka ilikuwa asubuhi, hatujapata mteja, anakunja vitenge upya kama alivyozoea, upande wenye chapa ukitazama juu. Nikamwambia tunatakiwa kuandika bei moja.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya kitenge."

"Kitenge hakinunui. Ya nani?"

"Ya yeyote, mama. Mtu yeyote."

Akaacha kukunja. "Huyo yeyote anakaa wapi? Ana nini? Ameolewa?"

Nilikasirika. Nilidhani ananifanyia mzaha, na labda alikuwa ananifanyia, lakini hakuwa anacheka. Nikamweleza kwa kirefu, tena kwa ile sauti ya watu wa semina: uwazi, kumwamini mteja, soko limebadilika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mimi hiyo bei siijui. Iandike wewe uliyesoma."

Nikaketi na kalamu. Nikachukua bei kubwa tunayofikia tukishavutana na bei ndogo tunayokubali, nikatafuta katikati, nikaona thelathini na mbili. Ilikuwa bei ya haki, mtu yeyote mwenye akili angeiona ya haki. Nikapiga picha pisi ile ya kuku na vifaranga na nyingine tisa, nikaandika chini: thelathini na mbili kwa wote, hatuangalii sura. Hilo neno la mwisho nililiiba kwa yule dada. Nikazirusha, na mchana ule ule nikapata oda nne, Dodoma mbili, Mwanza moja, Dar moja. Nilivimba kichwa mpaka nikanunua soda tukanywa kizimbani.

Haikupita wiki mbili. Mke wa mwenye maboti, yule wa arobaini, alikuja saa sita mchana, soko limejaa. Hakukaa. Alisimama mbele ya kizimba, miwani ya jua kichwani, simu mkononi.

"Mama, mimi nakuheshimu kama mzazi wangu," akasema. "Naomba uniambie hiki ni nini."

Akamnyooshea ile simu. Mama mkubwa haoni maandishi madogo bila miwani, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Akaipokea simu kwa mikono miwili, akaigeuza akanipa mimi.

"Nisomee, mwanangu. Wameandika nini?"

Ulikuwa ukurasa wangu. Picha nimepiga mimi, maneno nimeandika mimi. Nilisoma kwa sauti ndogo, yule mwanamke akasema, "Soma asikie." Nikasoma tena, kwa sauti, wauza nyanya wakisikia, wauza mawese wakisikia: thelathini na mbili kwa wote, hatuangalii sura.

"Mimi ulinipiga arobaini," yule mwanamke akasema. "Kitenge hiki hiki. Kumbe miaka yote hii nakuita mama, unaniibia."

Nilingoja mama mkubwa amjibu. Niliujua mdomo wake, angeweza kumvua nguo yule mwanamke kwa maneno mawili na kila mtu akacheka. Hakufanya hivyo. Alifungua kibeti chake cha kiunoni, akatoa elfu nane, akampa. Akasema tu, "Nimekusikia, mama." Yule mwanamke akazipokea, mke wa mwenye maboti matatu ziwani, akatia elfu nane kwenye pochi, akaondoka.

Ingekuwa ameondoka yeye na mambo yakaisha, ningejisamehe. Lakini soko lina masikio. Wakaja wengine wanadai cha juu chao, na mama mkubwa akawa anawarudishia bila ubishi, mpaka nikamwomba aache. Kisha likaja lililotumaliza. Watu wa pale walipoiona thelathini na mbili kwenye simu, hawakuielewa kama nilivyoiandika. Mtu wa Dodoma akiona bei imeandikwa, anaichukua au anaiacha. Mtu wa Ujiji akiona bei imeandikwa, anajua hapo ndipo maongezi yanapoanzia. Wakaja na simu zao mkononi: "Umeandika thelathini na mbili, haya, tuongee. Nikupe ishirini na tano." Mke wa daktari, ishirini na tano. Mwenye baa, ishirini na sita, na anakupa kama anakusaidia.

Mimi ni mtu wa pale, nimekulia kwenye kile kizimba, nilitakiwa nilijue hilo kabla ya mtu yeyote. Nililisahau kwa sababu nilikuwa naandika huku namfikiria mtu wa Dodoma. Na la pili sikuwa hata nimeliona, mpaka nilipoliona kwenye kibeti cha mama mkubwa kilivyosinyaa: arobaini ya mke wa mwenye maboti ndiyo iliyokuwa inamvisha yule wa ishirini na tano. Yule mwanaume mwenye haraka alikuwa analipia kosa lake, ndiyo, lakini pesa yake ilikuwa inakwenda kuwa kitenge cha mama wa dagaa. Nilipoweka bei ya katikati, aliyepunguziwa ni aliyekuwa nacho. Asiye nacho hakurudi tena, maana thelathini na mbili ilimshinda, na yeye ni mtu wa haya, hakuja na simu kubishana.

Mama mkubwa aliniomba jambo moja tu. Tulikuwa tunafunga, jua bado lipo, akasema, "Futa ile bei."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia oda zimeanza kuja, nina wateja mikoa minne, nikifuta watasema nimeanza kuficha tena. Nikamwambia kwa nini yeye asiandike hamsini kizimbani ili wapunguziwe kuanzia hapo. Akaniuliza mtu aliyekwisha kuona thelathini na mbili atakaaje kuongea na hamsini. Nikasema, "Basi mama, labda na wewe uuze kwa bei moja tu kama wenzako. Ujiji yote itabadilika, utake usitake."

Akaendelea kufunga turubai.

Maneno hayo niliyasema kwa mtu aliyenilipia ada kwa vitenge. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, nikitafuta namna ya kuyafanya yawe ya upole zaidi kuliko yalivyokuwa, na hayakubali. Ningeweza kufuta. Ilikuwa ni kubonyeza mara mbili. Sikutaka, kwa sababu ukurasa ulikuwa wangu na kizimba kilikuwa chake.

Alikaa mpaka mvua za vuli zilipoisha. Halafu akamwachia kizimba kijana mmoja anayeuza chaja na makava ya simu, akarudi nyumbani kwake Kasingirima, akanipa pisi zilizobaki nizimalizie mwenyewe. Watu walipomwuliza alisema miguu inamsumbua. Miguu yake haikuwa na tatizo lolote, anatembea mpaka leo kuliko mimi. Nikahamia Gungu, nikapanga hiki chumba. Niliacha pia kuandika "hatuangalii sura", ila ile ya "kwa wote" ikabaki, na bei ya katikati nikawa naipata kwa dakika moja, kwa kila mzigo.

Nilikuwa naenda kumsalimia kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nampelekea sukari, unga, sabuni. Anapokea, anashukuru, ananiuliza kama nakula vizuri. Hakuwahi kuniuliza habari ya vitenge hata mara moja. Hata nikiingia nimevaa kipya, anatazama pembeni. Ningependa angenigombeza. Nina hasira naye kwa hilo pia, kusema ukweli, kwamba alichukua sokoni maneno yake yote akayafungia mahali ambapo siwezi kuyapata.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, ukaja ujumbe kutoka namba nisiyoijua, haina picha. Nitauandika kama ulivyokuwa, maana bado ninao. "Habari za asubuhi. Poleni na kazi. Naulizia kitenge cha bluu cha kuku na vifaranga. Ni cha arusi, ni cha mama wa bibi arusi. Mnaweza kunisaidia kwa bei gani?"

Nilikuwa nafungasha mzigo wa Mwanza, basi linakaribia kuondoka. Nikabonyeza B. Bei ni moja kwa wote, haipungui, asante. Nikaongeza bei yenyewe, ambayo sasa ilikuwa thelathini na nane.

Ukaja mwingine. "Tunashukuru. Ila anayekitaka ni mtu wa hali ya chini, na ni mtu mwema. Mtufikirie kidogo."

Nikaguna. Mtandaoni kila mtu ni wa hali ya chini siku ya kununua. Nikabonyeza B tena, hata sikusoma mpaka mwisho.

Hakuandika tena. Baada ya kama saa moja pesa ikaingia kwenye simu, yote, thelathini na nane pamoja na ya bodaboda, kwa jina la mwanamke nisiyemfahamu. Nilikifunga kile kitenge kwenye mfuko wa karatasi wenye jina la duka langu, nikampa dereva wa bodaboda ninayemtumia siku zote, nikampa namba ampigie mteja. Nilijisikia vizuri. Nilijiambia, unaona, wakibanwa wanalipa.

Dereva alirudi adhuhuri. "Nimefikisha, dada," akasema. "Aliyenipokea si aliyelipa, aliyelipa ni jirani yake. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima, Kasingirima, ile nyumba ya mlango wa kijani yenye cherehani barazani. Amenipa maji ya kunywa, ameniuliza nina watoto wangapi."

Nilimwambia asante. Nikafunga duka.

Nilipofika nyumba ya mlango wa kijani, mama mkubwa hakuwa peke yake. Mkekani barazani alikuwa amekaa yule mama wa Kagunga, amezeeka, miguu ameinyoosha, kitenge cha kuku na vifaranga kipo mapajani, anakipapasa. Mfuko wenye jina la duka langu haukuwepo. Pembeni palikuwa na kikapu cha dagaa.

Nikasema shikamooni. Wakaitikia wote wawili.

"Huyu si yule mtoto wa simu?" yule mama akasema, akanishika mkono. "Umekua. Binti yangu anaolewa, ulikuwa unajua? Nimekuja na boti ya asubuhi, nikaenda Ujiji pale sokoni, namkuta kijana anauza nyaya. Nikajua basi, limekwisha. Wakanielekeza huku. Namwambia mama yako, si neno, umeacha biashara. Ananiambia, kaa hapo, kitenge chako kipo." Akakiinua nikione. "Na bei ni ile ile. Ishirini na tano. Nauli zote zimepanda, yeye bei ni ile ile."

Nilimtazama mama mkubwa. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso.

Sikuweza kusema kitu mbele ya yule mama, na nadhani mama mkubwa alilijua hilo. Nilikaa kwenye ukingo wa baraza kwa muda ule wote, nikasikiliza habari za posa na za wakwe, nikachekea mahali pa kuchekea. Mpaka yule mama aliposema boti ya kurudi itamwacha, akafunga kitenge kwenye upande wa kanga yake, akatuaga.

Alipopotea kwenye kona nikatoa pesa. Nilikuwa nimezishika mkononi tangu Gungu, zimelowa jasho. Nikaziweka mkekani, zote thelathini na nane.

"Za nini?" mama mkubwa akauliza.

"Za kitenge."

"Kitenge kimeshalipiwa. Bei si moja kwa wote?"

"Mama, ningejua ni wewe, ningekuletea mwenyewe. Nisingechukua hata senti moja. Sikujua. Namba siijui, haina picha, ningejuaje?"

Akaacha mchele. Alinitazama kama alivyokuwa anawatazama wateja, miguu kwanza, halafu mikono, halafu uso, na hakuwa na hasira, jambo lililonichoma zaidi.

"Ndiyo maana tulikuwa tunauliza," akasema.

Akazikunja zile noti, akanirudishia kwenye kiganja, akakifunga kwa vidole vyake. Kisha akaingia ndani akatoka na gazeti, akanigawia dagaa nusu ya kikapu, akanifungia, akanikumbusha niwaoshe kwa maji ya moto kwanza kwa sababu wameanikwa mchangani. Nikasema asante, mama. Nikapanda bodaboda.

Tulikuwa hatujafika hata Mwanga simu ikalia. Mtu anauliza kama kile cha kuku na vifaranga bado kipo, na mwisho ngapi. Nilikuwa na dagaa mkono mmoja, simu mkono mwingine. Nikabonyeza B.